Jazz Pharmaceuticals na dawa moja iliyoilea

Mwaka 2018, katika kila dola 4 ambazo kampuni ya Jazz Pharmaceuticals ilipata kwa mauzo, karibu 3 zilitoka kwenye dawa moja. Dawa hiyo ni Xyrem, dawa ya maji ambayo mgonjwa hunywa akiwa tayari kitandani, hulala, kisha huamka baada ya saa mbili na nusu hadi nne kunywa kipimo cha pili. Wanaoihitaji ni watu wachache wenye nakolepsi, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu kuzidiwa na usingizi mchana na, kwa baadhi yao, kulegea misuli ghafla anapocheka au kukasirika. Miaka sita baadaye, 2024, Xyrem iliingiza takriban dola milioni 234 tu, chini ya asilimia 6 ya mapato yote. Kampuni haikuanguka. Mapato yake yalikuwa yamepanda kutoka dola bilioni 1.89 hadi bilioni 4.07.

Anayefungua ripoti ya fedha ya Jazz leo anakuta mchanganyiko wa ajabu: dawa za usingizi, dawa ya kifafa inayotolewa kwenye mmea wa bangi, kimeng'enya cha kutibu saratani ya damu, dawa ya saratani ya mapafu yenye asili ya kiumbe wa baharini. Ni vigumu kuona sayansi moja inayoziunganisha, kwa sababu haipo. Kinachoziunganisha ni namna ya kufanya biashara: kutafuta ugonjwa wenye wagonjwa wachache na madaktari wachache, kuwa na dawa ambayo haina mpinzani wa karibu, kuiuza kwa bei kubwa, na kuulinda upekee huo kisheria kwa miaka mingi kadiri inavyowezekana. Ukiielewa njia hiyo, nguvu ya Jazz inaeleweka, na hofu ya wanahisa wake pia.

Sheria iliyozaa biashara hii

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, makampuni makubwa ya dawa hayakuwa na sababu ya kushughulikia magonjwa adimu. Gharama za majaribio zilikuwa kubwa na wanunuzi walikuwa wachache. Mwaka 1983 Marekani ilipitisha sheria ya dawa yatima. Kampuni inayoleta dawa ya ugonjwa wenye wagonjwa chini ya 200,000 nchini humo hupewa nafuu ya kodi na, la muhimu zaidi, miaka 7 ambayo Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, haiwezi kuidhinisha dawa ileile ya mtu mwingine kwa ugonjwa uleule. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2000 na kutoa miaka 10.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Ulinzi huo wa miaka 7 hautokani na hataza. Hataza hutolewa na ofisi ya hataza kwa uvumbuzi, na hudumu miaka 20 tangu siku ya kuombwa. Inaweza kupingwa mahakamani na kufutwa. Upekee wa dawa yatima hutolewa na FDA kwa sababu ya ugonjwa unaotibiwa, hata kama kemikali yenyewe inajulikana tangu zamani. Kampuni stadi huvitumia vyote viwili, kimoja juu ya kingine. Pia kuna sheria ya 1984 inayoongoza ushindani wa dawa jeneriki, yaani nakala za bei nafuu za dawa iliyopo: mwenye dawa huorodhesha hataza zake kwenye daftari rasmi la FDA, na akimshtaki mpinzani kwa kuvunja hataza iliyoorodheshwa, idhini ya mpinzani huyo inaweza kusimamishwa kwa miezi 30 bila jaji kuamua lolote. Kifungu hicho kidogo kina thamani ya mabilioni.

Kemikali ya mtaani, dawa ya hospitalini

Jazz ilianzishwa California mwaka 2003 na Bruce Cozadd, aliyekuwa kiongozi katika kampuni ya ALZA, pamoja na wenzake. Xyrem haikuwa uvumbuzi wao. Waliipata mwaka 2005 waliponunua kampuni ndogo iitwayo Orphan Medical, ambayo ilikuwa imepata idhini ya FDA mwaka 2002.

Kiini cha Xyrem ni oksibati ya sodiamu, yaani chumvi ya kemikali inayofahamika mitaani kama GHB. Kemikali hiyo ilikuwa ikitumiwa vibaya kwenye kumbi za starehe na kutiliwa watu kwenye vinywaji ili wadhulumiwe, na mwaka 2000 Bunge la Marekani liliiweka kwenye daraja la dawa zilizopigwa marufuku kabisa. Sheria hiyohiyo iliacha mlango: bidhaa itakayoidhinishwa na FDA ingekuwa kwenye daraja jepesi zaidi. Kwa hiyo kitu kimoja kina hadhi mbili, kutegemea kiko kwenye chupa ya nani.

Sharti la idhini lilikuwa udhibiti mkali. Xyrem ingetoka kwenye duka moja tu la dawa kwa nchi nzima, kila mgonjwa na kila daktari aandikishwe, na chupa itumwe moja kwa moja hadi mlangoni kwa mgonjwa. Sababu ya usalama ilikuwa ya kweli, na sidhani kama mtu mwenye busara angependa kemikali hii isambazwe kiholela. Lakini tazama kilichotokea kibiashara. Kampuni ikawa na orodha kamili ya wagonjwa, njia moja ya kuuzia, na mpinzani yeyote wa baadaye angelazimika kujenga au kushiriki mfumo uleule kabla ya kuuza chupa moja.

Jazz haikutajirika mara moja. Iliingia kwenye soko la hisa Juni 2007 kwa dola 18 kwa hisa. Mwezi mmoja baadaye Orphan Medical, ikiwa sasa chini ya Jazz, ilikiri kosa la kuitangaza Xyrem kwa matumizi ambayo hayakuidhinishwa, na Jazz ikakubali kulipa dola milioni 20. Msukosuko wa fedha wa 2008 ukaikuta na madeni. Mapema 2009 hisa moja ilikuwa inauzwa chini ya dola 1. Matumaini yakawekwa kwenye kuitumia oksibati kwa maumivu sugu ya mwili mzima, ugonjwa wenye wagonjwa wengi mno kuliko nakolepsi. Oktoba 2010 FDA ikakataa.

Kilichoiokoa ni bei. Mwaka baada ya mwaka bei ya Xyrem ilipandishwa, na mauzo yakapanda kwa kasi kuliko idadi ya wagonjwa. Dawa ileile, kiwango kilekile, chupa ileile. Kwa nini hakuna aliyezuia? Mgonjwa mwenye nakolepsi hakuweza kuhamia kwingine kwa urahisi kwa sababu hakukuwa na dawa ya karibu nayo. Bima inaona wagonjwa wachache sana kiasi kwamba vita haiwi na faida. Na kampuni hugharimia sehemu ya malipo ya mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo anayeumia hana sababu ya kulalamika kwa sauti, ilhali gharama inarudi kwa kila mlipaji wa bima. Naona hili ndilo doa kubwa zaidi katika historia ya kampuni hii, na mtu anayeisifu kwa ukuaji wake anapaswa kulitaja kwanza.

Januari 2012 Jazz iliungana na Azur Pharma ya Dublin na kuhamishia makao yake Ireland, ambako kodi ya faida ya makampuni ilikuwa asilimia 12.5. Fedha za Xyrem zikaanza kununua dawa nyingine, kwa sababu kila mtu pale ndani alijua kwamba upekee una mwisho.

Namna ya kuuchelewesha mwisho

Kesi za Xyrem zinastahili kusomwa na yeyote anayetaka kujua dawa jeneriki huchelewa vipi. Jazz ilichukua hataza si kwa dawa peke yake bali pia kwa mfumo wa kuisambaza: kanzidata, duka moja, ukaguzi wa majina. Hataza hizo zilikuwa kama boma la miba, ukifyeka tawi moja unakuta jingine nyuma yake. Mwaka 2016 bodi ya rufaa ya ofisi ya hataza ya Marekani ilifuta nyingi kati ya hataza hizo za usambazaji, na Julai 2018 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo.

Hata hivyo jeneriki haikuja. FDA iliidhinisha ya kwanza Januari 2017, ya kampuni ambayo sasa ni sehemu ya Hikma. Miezi michache baadaye Jazz na Hikma wakasuluhishana nje ya mahakama, na tarehe waliyokubaliana ya kuanza kuuza ilikuwa Januari 2023. Miaka sita kati ya idhini na rafu za duka. Tena kilichoanza kuuzwa 2023 kilikuwa dawa ya Jazz yenyewe, ikiuzwa na Hikma kwa jina la kisayansi huku Jazz ikipokea mrabaha. Wapinzani wengine waliosuluhishana walipewa ruhusa ya kuleta jeneriki zao wenyewe kufikia mwisho wa 2025. Walipaji wa bima walifungua kesi wakidai mapatano hayo yalikuwa njia ya kuzuia ushindani, na mwaka 2025 Jazz ilikubali kulipa dola milioni 145 kumaliza madai ya kundi kubwa la walalamikaji.

Miaka hiyo sita haikupotea bure kwa Jazz. Julai 2020 FDA iliidhinisha Xywav, dawa yenye oksibati ileile lakini ambayo sehemu kubwa ya sodiamu imebadilishwa kwa kalisi, magnesi na potasi. Tofauti si ya kubuni. Mgonjwa anayetumia kipimo cha juu cha Xyrem, gramu 9 kwa usiku, hupata miligramu 1,640 za sodiamu kutoka kwenye dawa pekee, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 2 kwa siku kutoka kwenye chakula chote. Kipimo hichohicho cha Xywav kina miligramu 131. Kwa mtu atakayeinywa maisha yake yote, na ambaye huenda ana shinikizo la damu, hilo ni jambo zito. Mwaka 2021 FDA ilikubali kwamba Xywav ni bora kitabibu kuliko Xyrem, na kwa hiyo ikaipa miaka yake 7 ya dawa yatima.

Naweza kushikilia mambo mawili hapa bila kujipinga. Xywav ni dawa bora kwa moyo na mishipa ya mgonjwa. Pia ilifika kwa wakati uliofaa sana biashara, miaka miwili na nusu kabla jeneriki haijaingia, muda wa kutosha kuwahamisha wagonjwa ili jeneriki ya Xyrem ikifika ikute watu wamekwisha ondoka. Mwezi Agosti 2021 Xywav ikapata idhini ya pili, kwa ugonjwa wa usingizi kupita kiasi usiojulikana chanzo, na ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huo. Mwaka 2024 iliingiza takriban dola bilioni 1.47, zaidi ya theluthi ya mapato yote ya kampuni.

Mpinzani wa kweli alitoka upande ambao boma halikuufunika vizuri. Oksibati huondoka mwilini haraka, ndiyo maana mgonjwa hutega saa na kuamka usiku wa manane kunywa tena. Fikiria, mtu ambaye tatizo lake ni usingizi uliovurugika anaamshwa na dawa yake. Kampuni ya Avadel ilitengeneza Lumryz, oksibati inayotolewa polepole na kunywewa mara moja tu. Julai 2022 FDA ilisema iko tayari kuiidhinisha, lakini kulikuwa na hataza moja ya mfumo wa usambazaji ambayo Jazz ilikuwa bado imeiweka kwenye daftari la FDA, na ilikuwa haijaisha hadi Juni 2023. Avadel ikaenda mahakamani. Februari 2023 mahakama ya rufaa ikaamuru hataza hiyo iondolewe: daftari lile ni la hataza za dawa na namna ya kuitumia dawa kutibu, na mfumo wa kompyuta si kimojawapo. Lumryz ikaidhinishwa Mei 2023. FDA ikaamua kwamba kumwezesha mgonjwa kulala usiku mzima ni faida kubwa ya kitabibu, hivyo upekee wa Xywav haukuizuia. Jazz iliishtaki FDA kwa uamuzi huo, ikashindwa.

Upande wa saratani

Rylaze ndiyo dawa ya Jazz ninayoiheshimu kuliko zote, na haizungumzwi sana kwa sababu inaingiza kiasi cha dola milioni 410 tu kwa mwaka. Seli za saratani ya damu iitwayo lukemia kali ya limfu, ambayo huwapata zaidi watoto, haziwezi kujitengenezea asparajini, mojawapo ya asidi amino za kujengea protini. Seli zenye afya huweza. Kwa hiyo madaktari humpa mtoto kimeng'enya kinachoiteketeza asparajini kwenye damu, na seli za saratani hufa kwa kukosa chakula. Kimeng'enya cha kawaida hutoka kwenye bakteria wa E. coli, na baadhi ya watoto miili yao hukikataa kwa mzio mkali katikati ya matibabu. Hao huhitaji kingine, kutoka kwenye bakteria tofauti wa jamii ya Erwinia.

Jazz ilikipata kimeng'enya hicho cha pili, Erwinaze, ilipoinunua EUSA Pharma mwaka 2012 kwa takriban dola milioni 650. Tatizo ni kwamba kilitengenezwa na kiwanda kimoja, Porton Down nchini Uingereza, na kiwanda hicho kilikuwa na matatizo ya uzalishaji yasiyokwisha. Dawa ilikosekana mara kwa mara. Familia zenye mtoto aliyekuwa anaendelea vizuri ziliambiwa kwamba dozi inayofuata haipo. Jazz haikukaa ikilaumu kiwanda. Iligharimia njia mpya ya kukitengeneza kimeng'enya hicho kwa kupandikiza jeni yake kwenye bakteria mwingine wa maabara anayekua haraka na kuzalisha kwa wingi. Rylaze iliidhinishwa mwishoni mwa Juni 2021 na uhaba ukakoma. Hapa ulinzi wa kampuni ni uwezo wa kutengeneza kitu kigumu, jambo ambalo hataza ya kanzidata haiwezi kulifikia.

Nyingine nitazipitia kwa haraka. Defitelio, iliyopatikana kwa kuinunua Gentium ya Italia mwaka 2014 kwa karibu dola bilioni 1, hutibu kuziba kwa mishipa midogo ya ini baada ya kupandikizwa seli shina. Ni hali adimu na mara nyingi ya kuua. Vyxeos ilikuja na Celator mwaka 2016 kwa dola bilioni 1.5: ni dawa mbili za zamani za saratani ya damu zilizofungwa pamoja ndani ya matone ya mafuta kwa uwiano wa 5 kwa 1, ili zifike kwenye seli zikiwa na uwiano uleule. Zepzelca ilikodishwa kutoka PharmaMar ya Hispania mwishoni mwa 2019 kwa malipo ya awali ya dola milioni 200. Asili ya kemikali yake ni kiumbe laini wa baharini, na inatibu saratani ya mapafu ya seli ndogo, ambayo hurudi haraka baada ya matibabu ya kwanza. Iliingiza takriban dola milioni 320 mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikaidhinishwa kutumiwa mapema zaidi, kuudhibiti ugonjwa kabla haujarudi. Idhini hiyo ina maana kubwa: mgonjwa anayetumia dawa mapema huitumia kwa muda mrefu zaidi.

Bangi iliyopitia maabara

Ununuzi mkubwa kuliko wote ulitangazwa Februari 2021: dola bilioni 7.2 kwa GW Pharmaceuticals ya Uingereza, mwenye Epidiolex. GW ilianzishwa mwaka 1998 kwa lengo ambalo wengi waliliona kichekesho, kutengeneza dawa halali kutoka kwenye bangi kwa kufuata majaribio yaleyale yanayodaiwa kwa dawa nyingine. Epidiolex ni kanabidioli safi, kijenzi cha bangi kisicholevya, na Juni 2018 ikawa dawa ya kwanza iliyotolewa moja kwa moja kwenye mmea huo kuidhinishwa na FDA. Hutibu aina mbili za kifafa cha utotoni ambazo dawa za kawaida hushindwa nazo, sindromu ya Dravet na ya Lennox-Gastaut, na mwaka 2020 ikaongezwa kifafa kinachotokana na ugonjwa wa kurithi wa vivimbe mwilini.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: mafuta ya kanabidioli yanauzwa kila mahali, kwa nini mtu alipe zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka, bei iliyotangazwa Epidiolex ilipoingia sokoni? Jibu liko kwenye kipimo. Mtoto mwenye kifafa kikali huhitaji kiasi kikubwa cha kanabidioli kwa kila kilo ya uzito wake, chenye nguvu ileile kila siku, na daktari lazima apime ini lake na aangalie namna inavyogongana na dawa nyingine za kifafa. Chupa ya dukani haina uhakika huo. Na bima hailipii chupa ya dukani.

Epidiolex iliingiza takriban dola milioni 972 mwaka 2024 na kuwa bidhaa ya pili kwa ukubwa. Kwa Jazz, faida yake ya kimkakati ni kwamba haina uhusiano wowote na oksibati. Gharama yake ni deni lililobebwa kuinunua, na ukweli kwamba sehemu nyingine za GW hazikuzaa kama ilivyotarajiwa: dawa ya kupuliza mdomoni kwa misuli kukakamaa ilishindwa kwenye majaribio ya Marekani mwaka 2022 na ikaachwa.

Kinachokuja

Januari 2022 Jazz ilijiwekea lengo la mapato ya dola bilioni 5 kwa mwaka 2025. Ikiwa na bilioni 4.07 mwaka 2024, pengo lilikuwa wazi. Sehemu ya sababu ni maabara yake yenyewe. Dawa ya msongo wa baada ya kiwewe ilishindwa Desemba 2023. Ya mtetemeko wa mikono ilishindwa Juni 2024. Sunosi, dawa ya kuwakesha watu mchana iliyokuwa imeileta sokoni mwaka 2019, iliuzwa kwa kampuni nyingine mwaka 2022. Ukiangalia orodha nzima, karibu kila kinachoingiza fedha leo kilinunuliwa kikiwa tayari sokoni au karibu na kufika. Ni ustadi, lakini ni ustadi wa mnunuzi, na kila ununuzi huja na bei yake.

Tishio kubwa zaidi halitoki kwa jeneriki. Nakolepsi ya aina ya kwanza husababishwa na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza oreksini, kemikali inayomweka mtu macho. Oksibati hairudishi kitu hicho; inampa mgonjwa usingizi mzito wa usiku ili mchana awe na nafuu. Sasa kuna dawa zinazoigiza oreksini yenyewe. Julai 2025 Takeda ya Japani ilitangaza kwamba oveporexton, kidonge chake, kimefaulu majaribio ya hatua ya tatu. Kampuni ya Alkermes ina chake njiani, na mwishoni mwa 2025 ilikubali kuinunua Avadel pamoja na Lumryz, maana yake itakuwa na dawa ya usiku na ya mchana chini ya paa moja.

Je, Xywav itakufa? Siamini itakufa haraka. Wenye aina ya pili ya nakolepsi na wenye usingizi kupita kiasi usio na chanzo wana oreksini yao, na haijathibitika kwamba dawa mpya zitawasaidia kwa kiwango kilekile. Usingizi wa usiku uliovurugika nao unaweza kuendelea kuhitaji tiba. Lakini mgonjwa anayegunduliwa leo na nakolepsi ya aina ya kwanza, akipewa kuchagua kati ya kidonge kinachorudisha kinachokosekana na kinywaji kinachomwamsha usiku wa manane, sioni kwa nini aanze na kinywaji. Ukuaji wa Xywav utategemea ule ugonjwa wa usingizi kupita kiasi usio na chanzo, na ndiyo maana idadi ya wagonjwa wake ni namba ya kuangaliwa katika kila ripoti ya robo mwaka kabla hata ya kuangalia faida.

Siasa ya bei imeipa Jazz nafuu. Sheria ya Marekani ya 2022 iliipa serikali uwezo wa kujadili bei za baadhi ya dawa kwa bima ya wazee, na iliziacha nje dawa za ugonjwa adimu mmoja tu. Julai 2025 sheria nyingine ilipanua msamaha huo kwa dawa zinazotibu magonjwa adimu zaidi ya moja. Xywav inatibu mawili, Epidiolex matatu. Kwa wanahisa ni habari njema. Kwa anayelipa bima, nguvu iliyokuwa ianze kuzibana bei hizi imesogezwa mbali.

Agosti 2025 Cozadd alimwachia Renee Gala uongozi wa kila siku, na kampuni anayoirithi inaegemea saratani kuliko wakati wowote. Ziihera, kingamwili iliyokodishwa kutoka Zymeworks ya Kanada, iliidhinishwa Novemba 2024 kwa saratani ya mifereji ya nyongo yenye protini ya HER2 kwa wingi. Hilo ni soko dogo. Kubwa ni saratani ya tumbo na ya umio, na Novemba 2025 matokeo ya majaribio ya hatua ya tatu yalionyesha Ziihera ikichelewesha kuendelea kwa ugonjwa kuliko tiba iliyokuwa ikitumika. Uongozi unaamini inaweza kufikia mauzo ya zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka. Nadhani hii ndiyo karata yenye uzito kuliko zote walizonazo, kwa sababu kwa mara ya kwanza Jazz itapambana katika uwanja wa makampuni makubwa, penye wapinzani wenye nguvu, ambako duka moja la dawa na orodha ya wagonjwa havitamsaidia mtu.

Mwaka 2025 pia ilitoa dola milioni 935 kuinunua Chimerix kwa ajili ya dawa moja, dordaviprone, ya uvimbe wa katikati ya ubongo unaowapata zaidi watoto na vijana na ambao haukuwa na dawa yoyote iliyoidhinishwa. FDA iliipitisha Agosti 2025 kwa jina la Modeyso, kwa utaratibu wa haraka: wagonjwa 50, na kwa asilimia 22 kati yao uvimbe ulipungua. Idhini ya namna hiyo ni ya masharti. Majaribio makubwa zaidi yanaendelea kupima kama wanaoanza kuitumia mapema, baada tu ya mionzi, wanaishi muda mrefu zaidi, na yasipoonyesha hivyo FDA inaweza kuiondoa sokoni.